Jina langu limefutwa kwenye orodha ya vocha ya nyumba, na kuna mtu anataka dola 300 alirudishe

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tukafika Marekani mwaka 2019, mimi, mume wangu na watoto wawili, na wa tatu amezaliwa huku. Karatasi zetu za ukaazi wa kudumu tunazo. Mume wangu anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mimi nasafisha vyumba hotelini siku wanazonipangia.

Mwaka 2022 mwenye nyumba alipandisha pango. Mhudumu wa shirika lililotupokea akatushauri tuombe vocha ya Section 8, ule msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya pango, kwenye mamlaka ya makazi ya mji wetu. Tukajaza fomu, tukapewa namba, tukaambiwa tusubiri. Pango likapanda tena, likatushinda, tukahamia kwa dada yangu. Yeye anakaa nyumba ya serikali, vyumba viwili, na watoto wake. Sisi tunalala sebuleni.

Tulipohama nilienda dirishani kwenye ile ofisi nikamwambia binti aliyekuwepo kwamba hatuko tena pale pa zamani. Akasema sawa. Anwani ya dada sikuiandika, maana dada anaogopa: mkataba wake una majina ya watu wanaoruhusiwa kuishi pale, na sisi hatumo. Juzi nimepiga simu kuuliza tumefikia wapi, nikaambiwa jina limefutwa. Eti walituma barua kuuliza kama bado tunahitaji msaada, ikaenda nyumba ya zamani, hakuna aliyejibu.

Sasa kuna kaka mmoja tunasali naye, anasema ana mtu wake ndani ya ofisi. Anataka dola 300 kabla ya Jumapili ili jina lirudishwe. Tena anasema safari hii niandike kwamba naishi na watoto tu, mume wangu nimwache nje ya fomu, kwa sababu ovataimu yake itatuvusha kiwango cha kipato. Mume wangu hataki hata kusikia. Dada anasema tulipe, kila mtu anafanya hivyo. Mimi nimechoka, shangazi. Mwanangu mkubwa anafanyia kazi za shule chooni usiku, kwa kuwa ndiko anakoweza kuwasha taa wenzake wakilala.

Nilipe? Na nikianza upya, nitasubiri miaka mingapi tena?

Mama Watatu


Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mpe pole yangu mumeo.

Usimlipe huyo kaka. Nimeanza na hilo kwa sababu ya hiyo Jumapili yake. Kuomba vocha kwenye mamlaka ya makazi ni bure. Kuingia kwenye orodha ni bure, kuuliza umefikia wapi ni bure, kubadilisha anwani ni bure. Anayekutoza hela kwa mojawapo ya hayo, awe mtu wa kanisani au tovuti iliyopambwa kwa bendera ionekane ya serikali, anakula jasho lako. Na hela siyo hatari kubwa. Ili alirudishe hilo jina, atakuomba majina kamili, tarehe za kuzaliwa na namba za Social Security za wote watano. Namba ya mtoto mdogo inaweza kufunguliwa mikopo, nanyi msijue mpaka awe mtu mzima na aende kuomba wa kwake. Na kama ni kweli ana mtu ndani, basi anachokuuzia ni nafasi ya familia nyingine iliyosubiri kama ninyi, na siku mambo yakifumuka, faili litakalofunguliwa mezani lina jina lako, la kwake halimo.

Sasa tuligombee jina lako kwa njia iliyo wazi, kwa sababu ipo.

Ofisi hizi zinaruhusiwa kusafisha orodha. Kanuni za HUD, ile wizara ya nyumba ya serikali kuu, zinawapa nafasi ya kutuma barua kuuliza nani bado anahitaji, na asiyejibu akatolewa. Lakini kila mamlaka ina kitabu chake cha utaratibu, kinachoeleza mtu aliyetolewa anaweza kurudishwa kwa sababu zipi na ndani ya muda gani. Kinaitwa Administrative Plan. Ukifika ofisini taja jina hilo hilo. Si siri, nyingi wanakiweka kwenye tovuti yao. Zipo ofisi zinazomrudisha mtu aliyeleta sababu ya maana, na zipo ngumu. Ila kuna jambo moja ambalo halina hiari: aliyeshindwa kujibu kwa sababu ya ulemavu wa mtu wa familia hiyo, kanuni inawataka wamrudishe pale pale alipokuwa. Hukutaja ulemavu. Kama upo nyumbani, wenu au wa mtoto, uandike.

Ndiyo, nimesema uuandike. Yule binti wa dirishani hakukudanganya aliposema sawa, lakini sawa yake haikuingia kwenye kompyuta, na leo huna cha kuonyesha. Safari hii peleka barua, nayo iwe fupi:

"Niliomba vocha mwaka 2022, namba ya ombi langu ni hii. Tulipohama nilifika ofisini kwenu kuwajulisha. Barua yenu ya kuthibitisha ilitumwa anwani ya zamani na haikunifikia. Naomba nirudishwe kwenye orodha kwa tarehe yangu ya kwanza ya maombi. Mkikataa, naomba sababu kwa maandishi na nafasi ya kupitiwa upya uamuzi huo. Naomba pia nakala ya barua mliyotuma na bahasha yake kama ilirudi."

Nenda na nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, uondoke nayo. Wakigoma kugonga, itume kwa posta ya rejista inayorudisha saini ya aliyepokea. Hapo dola chache unazitumia kwa jambo la haki.

Nimeomba bahasha kwa makusudi. Posta ya huku ikishindwa kufikisha barua hubandika kibandiko cha manjano chenye tarehe na sababu, kisha huirudisha kwa aliyetuma. Kibandiko hicho kikiwepo kwenye faili lako, ofisi yenyewe imeshika ushahidi kwamba hukuipata. Na wasomaji wengine mjue hili: ziko bahasha za ofisi zilizochapwa agizo kwamba zisifuate anwani mpya, zirudi kwa mtumaji. Kwa hiyo hata aliyejaza fomu ya kuhama posta, akadhani barua zote zitamfuata, anaweza kukosa hiyo moja. Ofisi ya makazi lazima iambiwe yenyewe.

Kisha maneno "kwa tarehe yangu ya kwanza". Mwanangu, usiyaache. Mtu anaweza kukujibu kwa upole kabisa kwamba amekurudisha, ukashukuru, kumbe amekuandika kwa tarehe ya leo, nyuma ya wote walioingia tangu 2022. Umeniuliza utasubiri miaka mingapi. Mjini kwenu sijui orodha ina urefu gani, lakini nitakuambia kwa nini ile tarehe ina thamani. Fudi stampu hupewa kila anayetimiza masharti. Vocha haziko hivyo. Bunge hutenga fungu kila mwaka, na fungu likiisha, hata mwenye sifa zote husubiri. Nchi nzima, kati ya familia nne zinazostahili msaada wa pango wa serikali kuu, karibu moja tu ndiyo inayoupata. New York walifunga orodha yao ya vocha mwishoni mwa 2009 wakaja kuifungua Juni 2024, kwa wiki moja. Wakaomba zaidi ya watu laki sita, nafasi zilikuwa laki mbili, zikagawiwa kwa droo. Ndiyo maana namba ya 2022 huwezi kuiacha ipotee hivi hivi.

Wakikataa, au wakikaa kimya, ipeleke barua hiyo kwenye ofisi ya msaada wa sheria ya eneo lenu. Wanasheria wao hawatozi watu wa kipato kidogo, na mambo ya nyumba ndiyo kazi yao ya kila siku. Usisubiri. Barua ya kukataliwa ikija itakuwa na siku zilizowekwa za kupinga, na mara nyingi ni chache.

Na mahali popote utakapokwenda, omba mkalimani mapema, au uende na mtu mzima unayemwamini. Mtoto asikutafsirie. Atatafsiri anachoelewa, na maneno mengine ya mle mtoto hapaswi kuyabeba.

Nije kwa dada yako, kwa sababu hofu yake ina msingi. Mikataba ya nyumba za serikali hutaja majina ya wanaoishi, na wageni huwekewa kikomo cha siku. Mkipita kikomo bila ruhusa, anayehatarisha nyumba ni yeye. Kwa hiyo kabla hajaenda kwa meneja, na kabla hamjaamua kuendelea kujificha, naye aongee na hao wa msaada wa sheria: je, anaweza kuomba ruhusa ya wageni ya muda, na kwa mkataba wake swali hilo aliulize vipi lisimgeukie? Nisingependa mtatue shida ya familia moja kwa kuanzisha ya pili.

Lakini anwani ya barua ni suala jingine kabisa. Fomu nyingi zina sehemu mbili: unapoishi, na unapopokelea barua. Ya pili inaweza kuwa sanduku la posta, au ofisi ya lile shirika lililowapokea wakikubali, au nyumba ya mtu wa kuaminika ambaye hahami hami. Hiyo wapeni wiki hii hii. Pale panapoulizwa mnalala wapi, jibuni kweli. Kulala sebuleni kwa ndugu baada ya kushindwa pango si aibu, na katika baadhi ya miji hali kama hiyo humsogeza mtu mbele. Kila mamlaka huchagua inaowapa kipaumbele: wasio na makao, wanaofanya kazi, wakaazi wa mji, waliokimbia kipigo nyumbani. Waulizeni vipaumbele vyao ni vipi, na kama mnaingia kwenye kimojawapo mlete uthibitisho.

Mumeo.

Anasema kweli, na msimwache peke yake kwenye msimamo huo. Kumtoa kwenye fomu ni kuidanganya serikali kwa saini yako. Watu husema kila mtu anafanya hivyo. Wanaofanya hivyo hawakusimulii jinsi ilivyoishia. HUD ina mfumo wa kompyuta uitwao EIV unaoonyesha mishahara ambayo waajiri wameripoti kwa jina na namba ya mtu. Siku akionekana anaishi pale, mtadaiwa kurudisha fedha zote, mtapoteza vocha, na inaweza kufika mahakamani. Halafu ninyi mlifika 2019. Muda wa kuomba uraia mmeshaufikia, na kwenye fomu ile kuna swali, mbele ya kiapo, kama uliwahi kumpa ofisa wa serikali taarifa ya uongo. Usijitengenezee swali ambalo huwezi kulijibu.

Tena hesabu ya huyo kaka yenyewe ni mbovu. Kiwango cha kipato hakiko kimoja kwa wote. Hupanda kadiri familia inavyokuwa kubwa, na HUD hukitoa upya kila mwaka kwa kila eneo. Ukimtoa mumeo, unatoa mshahara wake na papo hapo unashusha kiwango kutoka cha watu watano hadi cha wanne. Angalieni namba ya watu watano ya kaunti yenu kabla ya kuogopa ovataimu. Vocha kwa kawaida ni za wasiozidi nusu ya kipato cha kati cha eneo, na vocha mpya tatu katika kila nne lazima ziende kwa maskini zaidi, wasiozidi asilimia 30. Nyumba za serikali zenyewe, kama ya dada, hupokea hadi asilimia 80. Kuvuka mstari mmoja hakukufungii mlango wa pili.

Na mkishapata, pango hufuata kipato. Fungu lenu ni takriban asilimia 30 ya kipato cha mwezi, baada ya makato ya watoto na gharama za kuwalea mkiwa kazini. Hesabu ikibaki dola 2,500, ninyi mtachangia kama 750, umeme na maji vikiwa vimehesabiwa humo. Ovataimu ikikatika, toeni taarifa, fungu linashuka. Ndiyo maana nasema mshahara wa mumeo si adui yenu. Unatakiwa tu uwe umeandikwa.

Kwenye kuandika, jambo dogo linalowatesa sana watu wetu: majina. Kambini jina liliandikwa hivi, kwenye kadi ya ukaazi likageuzwa mbele nyuma, kwenye Social Security likapungua herufi, na tarehe ya kuzaliwa ya nusu ya familia ni Januari 1. Kabla ya kujaza fomu nyingine, pangeni hati za wote watano mezani muone kama zinasema jina lile lile. Penye tofauti, rekebisheni, au ambatisheni maelezo. Ombi linaweza kukwama kwa herufi moja.

Sasa, hata jina likirudi, usikae kwenye orodha moja. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote niliyosema. Unaweza kuomba kwenye mamlaka ya mji wa jirani na ya kaunti, kwa wakati mmoja, bila kuvunja sheria yoyote. Orodha ya nyumba za serikali na ya vocha ni mbili tofauti hata kwenye ofisi ile ile, ulizia zote. Yako majengo ya watu binafsi ambamo msaada umefungwa kwenye nyumba yenyewe, na hayo huombwa kwa meneja wa jengo, kila moja na orodha yake.

Kisha kuna aina ambayo wengi wetu hupita mbele yake kila siku bila kujua: apatimenti zilizojengwa kwa mpango wa serikali wa kuwapunguzia wenye majengo kodi ya mapato, ulioanzishwa na sheria ya 1986. Kwa macho ni majengo ya kawaida, mengine mapya kabisa. Pango lake halifuati mshahara wako. Limewekewa kikomo kwa watu wa kipato cha chini, kwa hiyo halishuki kama la vocha, lakini aghalabu liko chini ya bei ya soko. Wenye mishahara miwili midogo kama ninyi mara nyingi wanaingia vizuri kwenye kiwango chake, na foleni inaweza kuwa fupi. Tena mwenye jengo la namna hiyo haruhusiwi kumkataa mtu kwa kuwa ana vocha, jambo ambalo kwa wenye nyumba wengine linategemea jimbo. New Jersey na Massachusetts sheria inamlinda mwenye vocha, Texas haimlindi. Pigeni 211, namba ya simu ya kuulizia huduma za msaada, muulize majengo ya aina hii yaliyo karibu na kazi zenu, mwende mlango kwa mlango. Ulizeni ada ya maombi kabla ya kujaza, maana hapa meneja wa jengo anaweza kutoza, tofauti na mamlaka ya makazi.

Mtoto wako mkubwa sikumsahau. Sheria ya McKinney-Vento inamhesabu mtoto anayeishi kwa ndugu kwa sababu wazazi wamepoteza nyumba kuwa mwanafunzi asiye na makao, hata kama ana paa juu yake. Kila wilaya ya shule lazima iwe na ofisa wa watoto hao. Mpigie. Wanao wana haki ya kubaki kwenye shule waliyokuwa wakisoma, kupata usafiri wa kwenda huko, na chakula cha bure shuleni. Ofisa huyo anaweza pia kuwapangia watoto mahali pa kufanyia kazi zao baada ya masomo, na kuwaandikia barua inayothibitisha hali yenu, ambayo utaiambatisha kwenye maombi panapotakiwa uthibitisho. Anza na simu hiyo, kwa sababu yeye anaweza kufanya kitu wiki hii, wakati ofisi ya makazi bado inatafuta faili lako.

Huyo kaka mjibu kwa heshima kwamba mmeamua kufuata barua. Namba zenu asizione. Na wakikujibu ofisini, kwa heri au kwa shari, niandikie nijue wamesema nini.